Je, ni gazeti lililorudisha fedha za shule Uganda?

Kisa hiki husimuliwa kila panapozungumzwa uwazi serikalini: Uganda ilichapisha magazetini ruzuku iliyotumwa kwa kila wilaya, wezi wakaona haya, fedha zikafika shuleni. Kitamu, ila kimekatwa kichwa na miguu.

Takwimu zenyewe ni za kushangaza kweli. Mwaka 1996 watafiti walipitia shule za msingi 250 katika wilaya 18, wakilinganisha vitabu vya serikali kuu na vya shule. Kati ya 1991 na 1995, shule zilipata wastani wa asilimia 13 ya ruzuku ya kila mwanafunzi isiyo ya mishahara. Nyingi hazikupata hata senti. Kufikia 2001 wastani ulikuwa umepita asilimia 80.

Kosa ni kudhani aibu ndiyo iliyofanya kazi. Ukimpa utingo wa basi gunia la mahindi la kilo 100 pale Masindi amfikishie dada yako Kampala, na dada hajui uzito, akipokea kilo 60 atashukuru tu. Ukimpigia simu kumtajia kilo, tabia ya utingo haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba dada sasa ana cha kudai. Ndivyo ilivyokuwa kwa walimu wakuu. Shule ya wanafunzi 400, kwa ruzuku ya shilingi 5,000 kila mmoja, inastahili milioni 2. Mwalimu mkuu asiyeijua hesabu hiyo hupokea 260,000 na kutia sahihi. Tena michango ya wazazi ndiyo iliyoendesha shule wakati huo, kwa hiyo pengo halikuonekana. Hata kabla ya magazeti, shule zilizo katika jamii zenye uwezo zilipata sehemu kubwa zaidi: zilijua kudai.

Wanauchumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson walionyesha kwamba shule zilizo karibu na wauza magazeti zilinufaika zaidi. Ni ushahidi mzuri, lakini uchapishaji huo haukutokea peke yake. Mwaka 1997 ilianza Elimu ya Msingi kwa Wote, ruzuku zikapanda, fedha zikafungiwa matumizi maalumu, na wafadhili wakawa wanachungulia. Mtafiti Paul Hubbard alilikumbusha hili mwaka 2007. Sehemu ya gazeti ipo. Ukubwa wake ndio wenye mabishano.

Gazeti lilitaja jumla ya wilaya, ndiyo maana shule nazo ziliagizwa kubandika kiasi zilichopokea. Ubao unaofaa huonyesha kiasi, tarehe, muhula na idadi ya wanafunzi iliyotumika kukokotoa. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, na bila hiyo mzazi hana cha kuzidisha.

Ubao ukiwa mtupu, Sheria ya Kupata Taarifa ya Uganda ya 2005 inamruhusu raia kumwandikia afisa habari wa taasisi husika, ambaye ana siku 21 za kujibu. Kimya kikipita hapo huhesabiwa kuwa kukataliwa, na rufaa huenda kwa Hakimu Mkuu wa eneo. Taja muhula na mwaka wa fedha, vyote viwili: bajeti huanza Julai, shule hufungua Februari, na jibu la “mwaka jana” linaweza kuwa sahihi kabisa bila kukufaa kitu.