Uliza namba za gari kabla ya bei: dhana potofu kuhusu kukodi malori Mtwara na Lindi

Ufuta ukianza kutoka Lindi, na baadaye korosho zikishuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, malori huadimika. Hapo ndipo watu huacha kuuliza. Lori lililopatikana ndilo linalopakia, na mazungumzo yote huwa ya bei. Mimi naona bei ni swali la pili. La kwanza ni namba za usajili, kwa sababu dhana nyingi potofu katika biashara hii zinatokana na kulichunguza jina la kampuni na kuliacha gari lenyewe.

"Kampuni ni kubwa, sina haja ya kuichunguza." Hii ndiyo inayowaponza wengi. Msimu ukikolea, hata kampuni kubwa huishiwa magari. Inapokea mzigo wako, inampigia dalali, naye dalali anampata mwenye semi moja anayetafuta mzigo wa kurudi nao Dar es Salaam. Nembo uliyoiamini imebaki ofisini, na gari linaloingia ghalani kwako ni la mtu usiyemjua. Ukweli ni kwamba leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hutolewa kwa gari, bima hukatwa kwa gari, na faini za barabarani huandikwa kwa gari na kwa dereva wake. Kama hujui ni gari gani linakuja, hujachunguza kitu. Andikeni kwenye makubaliano kwamba gari likibadilishwa utaarifiwa kabla ya kupakia, na likibadilishwa kweli, ukaguzi uanze upya.

Na namba ni mbili. Kichwa kina yake na tela lina yake. Ndiyo maana taarifa za ajali za malori makubwa hutaja zote. Watu hukagua kichwa kwa kuwa kinang'aa na kina mlango wa kufungua, lakini korosho zinapanda kwenye tela. Tela hukaa barabarani miaka mingi, likiunganishwa leo na kichwa hiki, kesho na kingine. Ulizia bima ya tela peke yake uone dalali anavyobadilika sauti.

"Gari lina bima, kwa hiyo mzigo uko salama." Bima ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo ni kwa ajili ya watu wengine watakaodhuriwa na gari hilo. Mtaani tunaiita bima ndogo. Haikulipi hata gunia moja ulilopakia. Bima kubwa nayo hulinda gari lenyewe: lori likipinduka, mwenye lori atalipwa lori lake, wewe ukabaki unaokota ufuta kwenye mtaro. Kinachogusa mali yako ni bima ya mizigo iliyo safarini, na hiyo hukatwa kando. Usiridhike kuambiwa ipo. Omba nakala, soma jina la mwenye bima, tarehe ya kuisha, na kiwango cha juu kinacholipwa kwa safari moja. Piga hesabu: tani 28 za korosho kwa shilingi 3,000 kwa kilo ni shilingi milioni 84. Bima yenye kikomo cha milioni 30 itakuacha na pengo la milioni 54. Bima ya gari lenyewe unaweza kuihakiki kwa simu kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka ya bima, na ni kazi ya muda mfupi sana.

"Nimeangalia mfumo wa polisi, gari halidaiwi, basi halina makosa." Mfumo wa Jeshi la Polisi wa faini za barabarani ni msaada mkubwa, ila unachokionyesha ni faini zisizolipwa. Mwenye gari anayelipa upesi ataonekana msafi hata kama dereva wake hukamatwa kwa mwendo kasi kila wiki. Kwa hiyo ukikuta deni, soma ni la kosa gani: kuzidisha mwendo au ubovu wa gari kunapaswa kukutisha kuliko kuegesha vibaya. Usipokuta deni, umejua tu kwamba hakuna deni. Usijenge juu yake zaidi ya hapo.

Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama nayo huchukuliwa kama cheti cha mwaka mzima. Gari lilikaguliwa siku moja. Tairi, breki na taa havikuahidi kubaki vile. Siku ya kupakia zunguka gari mwenyewe. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Sikiliza kama breki za upepo zinavuja. Na turubai litandazwe ulione lote, hasa kama unapakia korosho mvua zikiwa zimeanza.

Kuna wanaosoma ushauri wa Marekani kisha wakakata tamaa. Kule kampuni zinazovusha mizigo kati ya majimbo hupewa namba ya USDOT, yaani namba ya usajili ya wizara ya usafirishaji ya huko, na yeyote anaweza kuiandika kwenye SAFER, mfumo wa serikali wa mtandaoni, akaona ukaguzi na ajali za miezi 24 iliyopita. Hapa kwetu utakusanya vipande: BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa usajili wa kampuni, LATRA kwa leseni, TIRA kwa bima, polisi kwa faini. Ni kazi ya asubuhi moja. Hata huko Marekani orodha ya ajali haisemi nani alikosea, na ajali mbili kwa mwenye magari 200 si sawa na ajali mbili kwa mwenye magari matatu. Kwa hiyo ukisikia kampuni fulani iliwahi kuangusha gari, uliza ilikuwaje na baadaye walibadilisha nini. Atakayekasirika kwa swali hilo, muache.

"Tani 56 zinazoruhusiwa barabarani ni za mzigo." Hapana, ni za gari, tela na mzigo kwa pamoja, na kila ekseli ina kikomo chake. Anayeomba magunia ya ziada mara nyingi ni sisi wenye mali, halafu tunalalamika lori likikwama mizani au breki zikichemka kwenye mteremko wa Newala.

Limebaki la dereva. Leseni yake iwe na daraja E, na iwe ya huyo atakayeshika usukani. Sifa inayotajwa zaidi kwa madereva ni kuwahi, nami naiogopa. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Lori kubwa haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na ndani ya miji na vijiji ni 50. Hata kama lingekwenda 80 mwanzo hadi mwisho bila kusimama, ni karibu saa saba. Anayekuahidi saa saba akiwa na mzigo kamili amekwisha kukueleza anavyoendesha.