Je, wajua kwa nini bahari ya Zanzibar kwenye matangazo haipwi?

Tazama matangazo ya likizo za Zanzibar. Maji yamejaa, ngalawa imetulia, na mchangani zimeachwa nyayo za mtu mmoja tu. Sasa nenda Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa. Bahari imerudi nyuma mamia ya mita, kamba za mwani zimejitokeza kwenye vigingi, na kina mama wameinama wakivuna, kazi iliyoanza kwenye vijiji hivi mwaka 1989. Ufukwe ni uleule, umepishana na ule wa tangazo kwa saa sita tu.

Safari ni bidhaa isiyojaribika. Embe utalibonyeza sokoni, nguo utaivaa dukani, lakini chumba cha ng'ambo ya bahari unakilipia kabla hujakiona. Macho basi hutafuta mahali pa kujiweka. Ndiyo maana mtu wa kwenye tangazo mara nyingi amekupa mgongo, kofia pana kichwani: ungemwona uso, ungejua ni mwingine. Nyayo zile na kiti kile kitupu vina kazi hiyohiyo. Na mvunaji wa mwani hukosa nafasi kwa sababu hiyohiyo, jambo linaloniuma, maana ufukwe ule ni shamba lake.

Rangi yenyewe si ya uongo. Mchanga wa huko ni matumbawe yaliyosagika, mweupe, na jua la juu likipenya maji ya kina kifupi, usamawati ule hung'aa kweli. Mpiga picha huingojea saa hiyo.

Tatizo huja mgeni anapoipima nchi kwa picha aliyokuja nayo. Ile maarufu ya tembo chini ya Kilimanjaro kwa kawaida hupigwa Amboseli, Kenya, ilhali mlima uko Tanzania. Anayefika Moshi kwa ajili yake ataukuta mlima bila tembo wale, tena aamke alfajiri kabla mawingu hayajaufunika.

Kwa Paje, kabla hujalipia, angalia mwezi. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hutoka mbali zaidi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, haitoki sana. Anayetaka kuogelea karibu saa zote aende kaskazini, Nungwi au Kendwa. Anayetaka kuwaona kina mama wa mwani kazini, achague bamvu.