Nishani za Audie Murphy: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Audie Murphy, kijana wa Texas aliyepandishwa kutoka sajini hadi luteni usu akiwa mstari wa mbele mwezi Oktoba 1944, hutajwa mara kwa mara kuwa askari wa Marekani aliyetunukiwa nishani nyingi kuliko wote katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kana kwamba jeshi huweka msimamo kama wa ligi ya mpira. Hesabu hiyo huwapotosha wengi. Askari wa jeshi la nchi kavu akitunukiwa nishani ileile mara ya pili hapewi medali nyingine ya kuning'iniza, bali hubandikiwa kwenye utepe jani dogo la mwaloni lililofuliwa kwa shaba. Kwa hiyo Nyota mbili za Fedha, yaani nishani za ushujaa, alizozipata Murphy ndani ya siku chache za Oktoba hiyo huonekana kifuani kama moja, na anayehesabu kwa kutazama picha hafiki anakofika anayesoma jalada lake la kijeshi.

Kosa kubwa zaidi linahusu Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Inasimuliwa kwamba tarehe 26 Januari 1945, karibu na kijiji cha Holtzwihr nchini Ufaransa, aliwazuia Wajerumani kwa bunduki tu. Ni kweli kwamba alipanda juu ya gari la kuharibu vifaru lililokuwa likiwaka moto, akashika bunduki ya rashasha na kupiga kwa takriban saa nzima huku mguu umejeruhiwa. Hata hivyo, kabla ya hapo alikuwa amewaamuru askari wake warudi nyuma hadi msituni, naye akabaki na simu ya medani akiwaelekeza wapiga mizinga mahali pa kuangusha makombora. Simu hiyo, ambayo wasimulizi huiacha kwa sababu haina mvuto, kwa maoni yangu ndiyo inayomwonyesha kuwa afisa aliyejua kazi yake, si shujaa wa bahati.

Wapo pia wanaoamini kwamba nishani hiyo hupigiwa kura na Bunge la Marekani. Kwa kawaida hutolewa na Rais kwa jina la Bunge, baada ya mapendekezo ya makamanda na ushahidi wa walioshuhudia. Murphy alivishwa ya kwake na Jenerali Patch wa jeshi la Marekani karibu na Salzburg, tarehe 2 Juni 1945. Karatasi zikipotea, ushujaa hausaidii: Matt Urban, afisa mwingine wa askari wa miguu, aliipokea mwaka 1980 kwa mambo aliyoyatenda mwaka 1944, kwa kuwa pendekezo lake lilikuwa limepotea.

Moyo wa Zambarau, ambao Murphy alitunukiwa mara tatu, si nishani ya ushujaa hata kidogo. Hupewa aliyejeruhiwa au kuuawa na adui, kama alivyopigwa yeye na mdunguzi kwenye nyonga.

Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1971, akazikwa Arlington, makaburi ya kitaifa ya wanajeshi wa Marekani. Wageni wengine, wakiona jiwe la kaburi lake halina maandishi ya dhahabu kama ya wenzake wenye Nishani ya Heshima, hudhani amesahaulika. Mwenyewe ndiye aliyeomba liwe jiwe la kawaida.