Mtoto akikwama kwenye NGIRST: jinsi ninavyofundisha chemshabongo za herufi za Kiingereza

Nafundisha Kiingereza sekondari, na watoto wengi wanaoingia Form One kwetu wametoka shule za msingi za Kiswahili, kwa hiyo miezi ya mwanzo natumia sana chemshabongo za herufi, zile unampa mtoto herufi zimevurugwa anatafuta neno, au unampa neno moja refu anachomoa humo vijineno. Wanazipenda balaa. Ila kuna wanaokwama palepale kila siku, na mimi naona sababu ni moja tu: wanatafuta neno la Kiingereza kwa sikio la Kiswahili.

Chukua NGIRST. Mtoto anaanza kutafuta vaweli, anakuta I moja tu, anaipa konsonanti yake, NI au RI au TI, halafu zinabaki herufi nne hazina vaweli hata moja, basi anainua kichwa, "Ticha, hii umekosea, haijakamilika." Na ukimsikiliza vizuri ana haki yake, maana silabi zetu karibu zote zinaishia na vaweli, hata maneno tuliyoazima tunayabandika vaweli mwishoni ndo yanakaa mdomoni, benki, blanketi, skrini. Kichwani mwake S, T na R kukaa pamoja mwanzoni mwa neno halafu G ikafunga mlango, hakuna kitu kama hicho.

Sasa wengi hapo tunamwambia mtoto "jaribu jaribu, zungusha tu herufi". Jamani, herufi sita zote tofauti zinapangika kwa namna 720, saba zinafika 5,040, hata tano tu ni 120. Huyo mtoto atazungusha mpaka kengele ya kutoka.

Ninachofanya mimi ni kumfundisha kwanza makundi, yaani herufi ambazo Kiingereza kinapenda kuziweka pamoja. Mwishoni mwa neno kuna ING, ED, ER, CK, GHT, TCH. Mwanzoni kuna STR, TH, SH, CH, BR, PL. Nayaandika pembeni ya ubao yanakaa hapo wiki nzima. Tukirudi kwa NGIRST, namwuliza tu, mkia gani unauona? ING. Itoe, iweke kulia. Umebaki na nini? S, T, R. Hapo hata yule wa nyuma kabisa anapiga kelele STRING. Jaribu na KCHINEC uone, ukishatoa CH na CK umebaki na I, E na N, kuku huyo hapo.

Lakini mkia ni kubahatisha, sio sheria, na hili nalisisitiza mapema kabla hawajazoea vibaya. AGINR nayo ina ING ndani yake, ukiitoa unabaki na R na A, unapata RAING, hakuna neno la hivyo. Kwa hiyo unaiachia, unajaribu mlango mwingine, AIN kama ya RAIN na TRAIN, mbele inabaki GR, basi GRAIN. Watoto wanaofaulu sana kwenye haya mambo sio wale wenye maneno mengi kichwani, ni wale wepesi kuachia wazo lisilofanya kazi.

Kingine ni kuzipanga herufi kwa mduara badala ya mstari. Ukiziandika kwenye mstari jicho linasoma hilo neno la uongo uliloandika na linaling'ang'ania, kwenye mduara hakuna mwanzo wala mwisho. Na E ni ya kuangalia sana, mara nyingi inakaa mwishoni haitamkwi lakini inabadilisha sauti ya vaweli iliyotangulia, HAT inakuwa HATE, BIT inakuwa BITE, wakati V na J karibu hazifungi neno kabisa.

Vifaa visikutishe. Kata manila vipande vidogo, andika herufi kubwa kwa maka peni, na chini ya kila herufi piga mstari, usiposahau hilo utaokoa ugomvi mwingi maana W ikigeuzwa ni M na N ikilazwa ni Z. Vizibo vya soda pia vinafaa. Swali ni ukate ngapi za kila herufi, na hapo mimi nimeiba tu hesabu ya Scrabble, ule mchezo wa mezani wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi. Aliyeitunga, Alfred Butts, alikuwa msanifu majengo huko New York, miaka ya 1930, na alikaa akahesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ajue ipi inatokea mara ngapi. Ndo maana seti ya Kiingereza ina vipande 100, E ziko 12, A na I ziko 9 kila moja, Q ni moja tu, mbili ziko wazi hazina herufi. S ziko 4 tu japo inatokea sana, maana zingekuwa nyingi kila mtu angekuwa anabandika S ya wingi kwenye neno la mwenzake na mchezo umeisha.

Upande wa kuchomoa vijineno, neno langu la kuanzia ni TEACHER. Sheria ni kwamba herufi unaitumia mara ilizomo tu, E ziko mbili kwa hiyo THREE ni halali, T ni moja kwa hiyo TREAT hapana. Humo kuna TEA, EACH, HEART, EARTH, CHAIR hakuna usihangaike. A, C, E, R na T peke yake zinatoa REACT, TRACE, CRATE na CATER. Na siku wanapogundua kuwa herufi zote saba za TEACHER zinatoa CHEATER, yaani mdanganyifu, darasa halitulii tena, mimi nawajibu na HECTARE ambayo nayo ni zilezile, ila hiyo hawaijali.

Hapa nina neno na walimu wenzangu. Ukimpa mtoto herufi DRAGEN na jibu lako limeandikwa GARDEN, yeye akaleta DANGER, usimkate. DANGER ni sawa, RANGED ni sawa, GANDER pia, lile bata bukini dume. Nimeona mitihani ya majaribio mtoto kakoseshwa maksi kwa kosa la kuona zaidi ya mtungaji, inaudhi sana.

Kuna aina nyingine ya kuunda maneno, ile ya viambishi, HAPPY, UNHAPPY, HAPPILY, UNHAPPINESS, na huku kwa kweli watoto wetu wako vizuri kuliko wanavyojijua, maana mtoto aliyekua na soma, somesha, msomaji, somo, kisomo, hili la mzizi kuvaa vitu mbele na nyuma amelizoea tangu anaongea. Shida ni kwamba Kiswahili kiko na mpangilio na Kiingereza kina visirani. TEACH ukiongeza ER unapata mtu, DRIVE hivyohivyo, ukiongeza kwenye COOK unapata jiko. Kila mwaka kuna insha inaniambia mama yake ni COOKER mzuri sana.

Mwisho niseme kuhusu zile gemu za simu za kuunganisha herufi, wazazi wananiuliza kama zinamfundisha mtoto Kiingereza. Zinasaidia jicho. Ila mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa na Kifaransa haongei, alikariri orodha ya maneno tu. Kuona neno na kulijua ni vitu viwili. Kwa hiyo darasani kwangu neno uliloliona unapata nusu maksi, nusu ya pili ukilitungia sentensi, na wale wajanja wa simu wanaokuja na ERE na TARE wanarudi kukaa na nusu yao.

Za wiki hii hizi hapa: KCOLC, CHABE, GHTNI, MALPS, ENLIST. Tatu za mwisho zina jibu zaidi ya moja, na hiyo ya mwisho tayari ni neno lenyewe, tafuta mengine.