Sizoni za kunusurika kwenye gemu zilianzaje, na kwa nini kifo ndo kila kitu

Wiki iliyopita chalii mmoja alikuja ofisini kwangu hapa Sakina, Arusha, na flashi yenye video ya saa tatu na nusu. Walikuwa watu sita wamecheza Minecraft, lile gemu la kuchimba na kujenga kwa vitofali, wakiwindana, akaniomba niikate ziwe episodi tano. Nikaiangalia yote. Wanakufa, wanarudi, wanakufa tena, wanacheka, dakika ya arobaini hamu ishaniisha, na mi hizi sizoni za kunusurika nazipenda kuliko kitu chochote kwenye hii kazi ya kuediti. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, humu mtu akifa anapoteza nini?" Akafikiria kidogo. "Vitu alivyobeba tu, braza." Basi nikamwambia kaa hapo, nikamwelezea nnachoandika hapa, maana naona madogo wengi wa Chuga wanaanza kurekodi bila kujua waliotangulia walihangaika na nini.

Kwenye gemu kifo ni bure. Unakufa, unabonyeza, umerudi. Sasa sizoni ya kunusurika inataka mtazamaji aogope mtu asife, na hapo ndo shida ilipo, na ukiifuatilia historia ya hii jamii ya mashabiki toka mwanzo utaona karibu yote ni watu wanaotafuta sheria ya kukipa kifo bei.

Mzizi uko kwenye TV. Wazo lilikuwa la Muingereza Charlie Parsons, ila waliotangulia kulirusha hewani ni watu wa Sweden mwaka 1997, kikaitwa Expedition Robinson, afu Marekani wakaanza Survivor tarehe 31 Mei 2000: watu 16 kisiwani, siku 39, dola milioni moja. Sisi huku inatuhusu zaidi ya tunavyodhani, sababu sizoni ya tatu ilipigwa hapo jirani Kenya, hifadhi ya Shaba, mwaka 2001. Makundi mawili yaliitwa Boran na Samburu, yalipounganishwa likawa moja linaitwa Moto Maji. Mi nilipoisikia hiyo Moto Maji mara ya kwanza nilisimamisha video nikarudisha nyuma kuhakikisha, Kiswahili kabisa!

Ujanja wa Survivor ni mmoja na ni mkubwa sana: anayetolewa kwa kura ya wenzie kwa kawaida harudi, lakini sauti yake haifi. Wale waliotolewa kuelekea mwisho wanakaa kama baraza afu wao ndo wanampigia kura mshindi, kwa iyo unayemchoma leo ndo atakayekushika shati siku ya fainali. Mashabiki wakaupenda ule mfumo kuliko hata kisiwa chenyewe, wakaanza kujichezea kwenye intaneti, hamna kamera wala ufukwe, changamoto zinatumwa kwa meseji na kura zinatumwa kwa meseji.

Wakati huohuo kulikuwa na watu wengine pembeni wanapiga filamu ndani ya gemu, wanarekodi wahusika wa gemu afu wanaweka sauti zao juu. Red vs. Blue ya mwaka 2003, iliyopigwa ndani ya gemu la Halo, ndo iliyoonyesha watu wengi kwamba hiki kitu kinaweza kwenda sizoni na sizoni. Ile ilikuwa na skripti, kwa iyo siiweki kwenye ukoo wetu moja kwa moja, ni kama mjomba.

Tarehe 1 Januari 2010 mapacha wawili wa Marekani, Cary na Michael Huang, wakiwa na miaka 12 tu, wakaweka YouTube katuni inaitwa Battle for Dream Island. Washindani 20 na wote ni vitu: jani, moto, kifutio, penseli. Watazamaji ndo waliokuwa wanapiga kura nani atoke, wanaandika herufi kwenye komenti. Iliisha tarehe 1 Januari 2012, miaka miwili kamili, na kufikia hapo watoto kibao duniani walikuwa wanachora za kwao. Kwangu mimi huu ndo wakati shabiki alipoacha kuangalia tu akaanza kutengeneza, maana alimuona mtoto mwenzie kafanya.

Halafu ikaja Minecraft, nayo imetoka Sweden, hii sadfa huwa inanifurahisha kila nikiisema. Ilipotoka rasmi tarehe 18 Novemba 2011 ilikuwa na hadkoo, yani ukifa mara moja ndo basi. Bei ya kifo ikapanda juu kabisa, ila ikawa kubwa mno kwa sizoni ya watu wengi, sababu mtu akifa episodi ya kwanza kwa kudondoka shimoni umempoteza na mashabiki wake wote.

Kundi la Mindcrack, wacheza Minecraft wa YouTube, ndo wakaleta kitu kinaitwa Ultra Hardcore, na hapa nataka uelewe vizuri. Kwenye Minecraft una mioyo 10 na ukishiba inajijaza yenyewe. Wao wakazima hiyo. Ukiumia umeumia, mpaka upate epo la dhahabu, yani epo moja unalizungushia vipande 8 vya dhahabu, na dhahabu unaichimba chini huko kwenye hatari. Kwa iyo hata mshale mmoja wa ovyo dakika ya kumi unaubeba mpaka mwisho! Ilipendwa mpaka mwaka 2013 gemu lenyewe likaongezewa amri rasmi ya kuzima kupona. Na kila mchezaji alirekodi upande wake, episodi inakatwa kila dakika 20, wote kwa pamoja, ambayo ndo urefu wa siku moja ndani ya Minecraft. Ukimaliza kumwangalia huyu unaenda kumwangalia aliyemuua, tukio lilelile, dakika ileile, jicho lingine. Hapo shabiki akapata kazi mpya ya kuunganisha.

Aprili 2021 jamaa wa YouTube anaitwa Grian akaanzisha sizoni ya Minecraft inaitwa 3rd Life, na kwangu hii ndo sheria safi kuliko zote. Wachezaji 14, kila mtu maisha matatu. La kwanza jina lako la kijani, la pili njano, la tatu jekundu, na ukiwa mwekundu ndo unaruhusiwa kuwinda watu. Yani kifo hakikutoi, kinakubadilisha! Rafiki yako wa jana leo jina lake jekundu na unamuona anakuja. Siku ya kwanza tu Grian alimletea mchezaji mwenzie Scar kripa kwa utani, lile dudu la kijani linalolipuka, Scar akafa, Grian akaona ana deni la roho akajiweka chini yake. Wakatembea pamoja mpaka wakabaki wao wawili, wakapigana ngumi tupu ndani ya duara la kaktasi, Grian akashinda, afu akajirusha kutoka mlimani. Hamna skripti iliyoandika hiyo, imetoka kwenye sheria. Sizoni zilizofuata zinageuza bei tu: Last Life maisha unapewa kwa bahati kuanzia 2 mpaka 6, Limited Life una saa 24 na kila ukifa inakatwa saa moja.

Chalii alisikiliza yote hayo, keshokutwa yake akaja na wenzie wote. Wamekubaliana maisha mawili. Dunia inafunguliwa kwenye laptopu moja, wengine wanaingia kwa hotspoti ya simu hapohapo chumbani, bando karibu haliguswi. Kila mmoja anarekodi skrini yake, mwanzoni wote wanapiga kofi moja kwenye maiki ili mi nipate pa kulinganishia sauti.

Kilichotuchukua muda ni umeme. Wawili wanatumia kompyuta za mezani, sasa umeme ukikatika zombi anakutafuna, hicho ni kifo au sio kifo? Tulibishana zaidi ya saa nzima, chai ikapoa. Mwisho wakaandika: mwenye laptopu yenye chaji ndo anafungua dunia, akidondoka mtu wote wanatoka na mwenye dunia anaisevu na kuifunga mpaka arudi, lakini ukiwa jina jekundu na umeme ukakukatikia katikati ya vita uliyoanzisha mwenyewe, ukirudi unarudi na nusu ya mioyo uliyoacha. Kipengele cha namna hii sijawahi kukutana nacho kwenye sizoni yoyote niliyoangalia. Wanarekodi Jumamosi.