Kwa nini mtoto hutaja sheria vizuri, kisha akaivunja papo hapo?

Chukua masanduku mawili. Moja libandike picha ya sungura mwekundu, jingine mashua ya bluu. Mpe mtoto wa miaka 3 kadi za sungura wa bluu na mashua nyekundu, mcheze mchezo wa rangi: nyekundu huku, bluu kule. Atazipanga bila shida. Kisha badilisha: rangi basi, sasa tunafuata umbo. Muulize sungura wanakwenda wapi. Atakuonyesha sanduku sahihi. Mkabidhi sungura wa bluu, naye atamtumbukiza kwenye sanduku lenye picha ya mashua ya bluu.

Jaribio hili lilivuma miaka ya 1990 kupitia mwanasaikolojia Philip David Zelazo na wenzake. Wengi wa miaka 3 hukwama. Wengi wa miaka 5 hawakwami.

Hukumu ya watu wazima huwa tayari mdomoni: mkaidi huyo, anajua ila hataki. Wapole kidogo husema hasikilizi. Lakini amesikiliza, maana amejibu swali. Na ukaidi wa nini? Hakuna pipi anayoinyemelea wala kazi anayoikwepa; ni kadi tu. Kosa letu ni kudhani kuijua sheria na kuifuata ni kazi moja. Kumwadhibu kwa kutojizuia hapa ni sawa na kumwadhibu kwa ufupi wake.

Fikiria uwanja wa nyasi. Mchezo wa rangi umeshakanyaga njia, na miguu inaifuata yenyewe. Sheria mpya ni njia iliyoonyeshwa kwa kidole tu. Ili ipitwe, lazima mtu asimame njia panda na kuifunga ile ya kwanza. Kazi hiyo hufanywa zaidi na gamba la mbele la ubongo, nyuma ya paji la uso, likishirikiana na maeneo mengine. Nalo ni miongoni mwa sehemu zinazochelewa kabisa kukomaa.

Ajabu ni kwamba kukomaa kwenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kupunguza. Mwaka 1979 daktari wa neva Peter Huttenlocher alionyesha kuwa gamba hilo kwa mtoto mdogo lina miunganiko ya neva iliyosongamana kuliko la mtu mzima. Uwanja mzima ni vijia. Visivyopitwa humezwa na nyasi; vinavyopitwa hutiwa lami, yaani nyuzi za neva huvikwa mayelini, ala ya mafuta inayoharakisha ishara. Ukarabati huu huendelea hadi miaka ya ishirini na kitu. Ule umri wa miaka 25 unaotajwa sana ni makadirio tu. Hakuna swichi inayowashwa siku hiyo.

Hata neno "anajua" linahitaji tahadhari. Mwaka 2001 watafiti wa saikolojia Yuko Munakata na Benjamin Yerys waligundua kuwa swali lenyewe lilikuwa jepesi mno: linataja sungura, halitaji rangi. Walipouliza kuhusu sungura wa bluu, majibu ya mdomo nayo yaliyumba. Huenda basi sheria mpya imo kichwani, ila ni hafifu.

Wengine wamejaribu kuitia nguvu kwa kumtaka mtoto ajisemee "sungura" kabla ya kuweka kadi. Jaribio moja la 2003 lilionyesha kwamba inasaidia. Waliorudia baadaye hawakupata jibu lilelile kila mara.