Maadili ya habari za sauti ni nini?

Mwandishi anamsimamisha mama muuza samaki karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, na kumuuliza kuhusu abiria wanaoporwa simu. Mama anajibu: "Siwezi kusema vijana wetu wa mtaani ndio wezi, maana sijawaona kwa macho yangu." Studioni, mhariri anatupa "siwezi kusema" ya mwanzoni, na mkia wote kuanzia "maana". Jioni, msikilizaji aliyeko Kisauni anamsikia mama akisema kwa sauti yake mwenyewe: "Vijana wetu wa mtaani ndio wezi." Hakuna neno lililoongezwa, kila moja kalitamka yeye, na bado ni uwongo mtupu.

Mfano huu nimeutunga, lakini kwenye kompyuta ya studio ni kazi ya sekunde chache. Maadili ya habari za sauti ni zile kanuni zinazomzuia mwandishi wa redio au podikasti asimsemeshe mtu asichokisema, wala asimdanganye msikilizaji ambaye hana namna ya kujua palipokatwa. Kuthibitisha habari, kukataa bahasha ya hongo, kumpa anayetuhumiwa nafasi ya kujibu: hayo ni ya waandishi wote. Ila gazetini maneno yakirukwa unaweza kuona vidoti vitatu, na kwenye televisheni picha hushtuka. Sauti ikikatwa na fundi haiachi kovu.

Kukata penyewe si kosa. Mahojiano ya dakika arobaini hayaingii kwenye taarifa ya dakika tatu, na kikohozi na "yaani, yaani" hazina atakayezililia. Kipimo changu ni hiki: mwenye sauti angekisikia kile kipande, angesema "ndiyo, ndivyo nilivyokusudia"? Si lazima umpigie umsikilizishe, maana wapo watakaotaka kufuta hata ukweli waliousema. Wewe jiulize tu, kwa haki.

Kinachopuuzwa zaidi, kwa maoni yangu, ni sauti za pembeni. Habari inahusu kijana aliyekamatwa na polisi, nayo inafunguliwa kwa adhana. Dini haikutajwa popote, lakini Mombasa hii kila msikilizaji ameshaambiwa kijana ni nani na ashukiwe kwa lipi. Kama mwandishi hakuwepo adhana ikilia, basi kaitoa kwenye maktaba ya sauti na kaibandika. Hiyo ni tuhuma, hata kama aliyeibandika alidhani anapamba.

Kuficha utambulisho nako kuna mtego wake. Mashine ya kuficha sauti kwa kawaida hubadilisha unene wa sauti, haibadilishi lafudhi. Aliyelelewa Mji wa Kale akisema "ndoo hapa" badala ya "njoo hapa", jirani zake watamjua kabla hajamaliza sentensi, hata ukiifanya sauti yake ingurume kama jini. Kama maisha ya mtu yako hatarini, maneno yake yasomwe na mtu mwingine, na msikilizaji aambiwe hivyo.

Kuhusu ridhaa, kanuni zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya Kenya ya mwaka 2013 zilisema mtu asirekodiwe bila kujua ila kwa sababu nzito, na kwamba anayerekodiwa kwa simu ili arushwe hewani aarifiwe kwanza. Anayepiga mwenyewe kwenye kipindi cha kupokea simu yuko kando, kwa kuwa anajua sauti yake inakwenda hewani.

Na ukikosea? Januari 2012, kipindi cha redio cha Marekani, This American Life, kilirusha simulizi ya msanii wa jukwaani Mike Daisey kuhusu viwanda vya China vinavyotengeneza vifaa vya Apple. Machi ikabainika kwamba baadhi ya aliyodai kuyashuhudia hakuyashuhudia. Watayarishaji walitenga kipindi kizima kueleza walivyodanganywa na wapi uchunguzi wao ulilegea, naye Daisey akahojiwa humo humo. Vituo vingi vingetafuna sentensi moja ya kuomba radhi na kurudi kwenye muziki.

Podikasti ina shida ya ziada: haipiti ikaisha. Faili lililopakuliwa halirudi, na klipu ikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp haina mwenyewe. Marekebisho yawekwe mwanzoni mwa kipindi kile kile, yakiwa na tarehe, ili atakayekifungua mwaka ujao ayakute kabla ya kosa. Redioni yasomwe saa ile ile habari iliposomwa. Ukimrekebishia yule mama saa tano usiku, vijana waliomsikia jioni hawatayasikia, na asubuhi ndio watakaosimama mbele ya meza yake ya samaki.